Hema Jeupe la Mzee Wafula

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza tena chini ya hema. Nimeona bwana harusi akitorokea nyuma, katikati ya viti vya wakwe, akiwa bado na ua kifuani. Nimeona wajane wawili wakikutana kwa mara ya kwanza mbele ya jeneza moja na kuulizana, kwa adabu kabisa, wewe ni nani. Nimeona mheshimiwa akihutubia waombolezaji na kukosea jina la marehemu tangu mwanzo hadi mwisho, na kwa sababu alikuwa amechanga vizuri, hakuna aliyemsahihisha. Mahema na viti nimekodisha tangu nikiwa kijana mwembamba hadi goti langu la kulia likakataa kupanda ngazi. Ndiyo maana nimestaafu na miaka yangu hamsini na sita, nikamwachia binti yangu Wanjiru, yule mnayemwita Shiro, stoo, lori, na nyinyi vijana wa kazi.

Wanjiru ndiye aliyeniambia niandike. Alikuwa ameenda semina ya maadili ya biashara katika hoteli moja huko Upper Hill, akarudi na faili lenye picha ya mizani na kalamu ya bure. Nikamuuliza wamefundishwa nini. Akasema, "Baba, wametuambia tufanye lililo sawa hata kama hakuna anayetuona." Nikamwambia semina kama hiyo ningeifundisha mimi, tena na mandazi ningeongeza. Akacheka. "Basi andika, baba. Hawa vijana wapya wanajua tu wewe ni yule mzee wa goti." Shule mimi niliachia darasa la sita. Mkikuta sentensi imekaa vibaya, isukumeni pembeni mpite.

Nilianzia kwa Mzee Ndung'u, hapa hapa Riruta, nyuma ya duka la chakula cha kuku. Mzee alikuwa fundi wa turubai za malori. Mabaki ya turubai alikuwa anayaunganisha, na siku moja yakatosha hema. Hema hilo lilikuwa na rangi tatu na lilinuka dizeli, lakini nusu ya Riruta ilioa na kuzika chini yake. Mimi nilikwenda kuomba kazi ya kushona. Akaniangalia mikono, akasema hii si mikono ya sindano, akanipa nyundo ya kilo nyingi na gunia la vigingi vilivyokatwa kutoka kwa nondo.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa harusi Dagoretti. Nilipigilia vigingi vyangu wima, kama mtu anayepanda miche. Mzee alinitazama, akaniacha niendelee. Upepo ulipofika, wakati watu wanapakuliwa, kigingi kimoja kikang'oka, kingine kikakifuata, na pembe nzima ya hema ikaanza kupiga makofi. Mzee akaja taratibu, akaiokota ile kamba, akanitia mkononi.

"Leo wewe ndiwe kigingi," akasema.

Nilishika ile kamba mpaka bibi harusi akakata keki. Pilau ilipita mbele yangu ikaenda, ikarudi sinia tupu. Tangu siku hiyo kigingi changu hulala: kichwa kinaegemea nje, ncha inaingia ardhini kuelekea hema. Nyinyi mnaopigilia wima mkidhani mimi sioni kwa sababu nimestaafu, mimi huwa napita na gari polepole.

Mengine aliyonifundisha yataingia kwenye kikombe. Kamba ya katani hujikaza ikinyeshewa, kwa hivyo ukiona wingu ilegeze, la sivyo itang'oa kigingi yenyewe. Hema jeupe halikunjwi likiwa na unyevu hata kama mwenye uwanja anakufukuza, maana ukungu ukishaingia hata sabuni ya unga haiutoi. Viti vihesabu wewe mwenyewe, usimtume mtu. Na jambo moja ambalo mpaka leo sijapata wa kunieleza: harusini viti hupotea, lakini matangani viti huongezeka. Nimewahi kurudi kutoka msiba nikiwa na stuli ya jikoni ya watu.

Lakini kilichonifanya mimi niwe mimi ni mambo mawili ambayo Mzee Ndung'u alikuwa nayo kuhusu msiba. Kwa wale wenu mliokuja mjini juzi, hema la matanga si kama la harusi. Mtu akifa, hema linasimamishwa nyumbani kwake, na linabaki pale mpaka mwili utoke mochari uanze safari. Kila jioni watu wanakaa chini yake, wanaomba, wanaimba, wanachanga. Wakati mwingine ni siku chache. Wakati mwingine hospitali inadai bili na mwili hautoki, basi watu wanaendelea kukaa na hema linaendelea kusimama.

"Harusi unatoza kwa siku," Mzee aliniambia. "Msiba ni bei moja, hata ukae mwezi. Ukitoza kwa siku, hospitali ikikatalia mwili wewe utaanza kufurahi. Mimi sitaki kukuona ukifurahi."

Jambo la pili lilikuwa hili: msiba haupewi hema lenye kiraka. Watu wa harusi wanatazama chini, kwa chakula na kwa viatu vyao. Watu wa msiba wanatazama juu. Hawana lingine la kufanya. Kiraka watakiona asubuhi, watakiona jioni, na watasema hivi ndivyo tulivyoonekana.

Hizo sheria mbili nilizichukua zikawa zangu Mzee alipoondoka. Nikanunua hema la kwanza, nikanunua la pili, sitaki kuwachosha na hesabu za nilivyopanda. Semeni tu kwamba kuna wakati ambapo benki huko Upper Hill zikifungua tawi, mtu anayepigiwa simu ya hema ni mimi, mtu wa darasa la sita, na meneja mwenye digrii mbili ananiuliza, "Mzee, jua litatoka upande gani?" Nilikuwa namwambia mashariki, kama kawaida.

Sasa niwaeleze kesi ngumu kuliko zote.

Kulikuwa na Mzee Wafula, askari wa mlangoni kwenye jengo moja la ofisi huko Upper Hill. Mtu wa Bungoma, mrefu, sauti ya chini. Alikuwa anakaa kwenye ploti ya vyumba vya kupanga, kumi na kitu, karibu na stoo yetu. Mkewe, Mama Nekesa, alikuwa anapika chapati na maharagwe pale kwenye kona, na wafanyakazi wangu wote wamenenepea mikononi mwake. Mzee Wafula akaugua, akalazwa muda mrefu hospitali moja ambayo sitaitaja, akafariki. Mdogo wake, Barasa, akaja stoo asubuhi na kofia mkononi.

"Baba Shiro, mzee ametuacha."

"Pole sana, Barasa. Pole kwa Mama Nekesa. Mnataka hema la watu wangapi?"

"Wewe angalia ploti yetu, utajua."

Barasa alipotoka, Opondo, aliyekuwa mkubwa wa wafanyakazi wangu, akanifuata mpaka ndani ya stoo.

"Bosi, hema mbili za kijani ziko kazi. Hii ingine iko na kiraka kama suruali ya mwalimu wangu."

"Peleka ile nyeupe."

Akageuka kuitazama. Ile nyeupe ilikuwa mpya wakati huo, pana, yenye madirisha ya plastiki. Si wengi Nairobi waliokuwa na kama ile.

"Hiyo nyeupe iko na mwenyewe Jumamosi ya wiki ijayo," akasema. "Yule mama wa Spring Valley. Alikuja hapa, akaishika na mkono, akasema hii, si ingine. Akaweka sahihi."

"Jumamosi ya wiki ijayo ni mbali. Hawa wataondoka Ijumaa hii."

"Sawa bosi. Mimi nimesema tu, ili siku ikifika nikumbukwe kwamba nilisema."

Opondo alikuwa na tabia hiyo. Tukapeleka nyeupe. Niwaambie ukweli, ilipendeza. Ploti ile yenye mabati na kamba za nguo ilionekana kama ikulu ndogo. Watu waliokuwa wanapita tu wakaingia wakakaa. Mama Nekesa alitoka chumbani, akaangalia juu, akaangalia tena, akaniambia, "Asante, Baba Shiro. Mzee angesema tumekosea nyumba."

Ijumaa ikafika, hawakuondoka. Bili ilikuwa kubwa na hospitali haikuachilia mwili. Jumatatu Barasa akaenda kuongea nao, akarudi na jibu lile lile. Watu walichanga kila jioni, lakini ni watu wa ploti na mafundi wa barabarani, wenye kuweka noti moja kwenye bakuli na kuitazama ikienda. Na mimi, ambaye niliambiwa nisitoze kwa siku ili nisifurahie kukawia kwa mwili, nikagundua kitu ambacho Mzee Ndung'u hakuniambia. Bei moja nayo ina upande wake. Nilianza kuamka asubuhi nikiombea hawa watu wazike. Haraka.

Jumatatu hiyo hiyo nikamwita Barasa kando. "Hii nyeupe nina kazi nayo. Hema moja la kijani linarudi kesho, zima kabisa. Nitashusha hili na kusimamisha lile, nusu saa imekwisha."

Barasa akavaa kofia, akavua. "Baba Shiro, hema ya matanga ikishuka na mwili bado iko mochari, watu watasema nini?"

Nilijua watasema nini. Nimekaa Riruta maisha yangu yote. Watasema mwenye hema hakulipwa, amekuja kuchukua mali yake. Wakishasema hivyo, anayechanga anafunga mfuko, kwa maana ni nani anatia pesa kwa familia ambayo hata hema imewashinda.

"Hata tukisimamisha ingine hapo hapo?" nikamuuliza.

"Wataona ile nzuri ikitoka na ile mbaya ikiingia. Hiyo wataielewa hata haraka zaidi."

Alisema kweli. Basi nikatumia akili. Mimi nimejenga maisha kwa kutafuta njia ya mkato iliyo halali, na niliiona moja: nimalizie bili. Mwili utatoka, hema litashuka kwa heshima, harusi itapata hema lake, na mimi nitaonekana mtu mkubwa. Kila upande unapata. Nilipoipiga hesabu niliona hata wale wenye digrii mbili hawangeifikia.

Jumanne jioni nikaenda nikiwa nimevaa koti. Watu walikuwa wamekaa, mchungaji amemaliza kuomba, Barasa anasoma kilichobaki kwenye bili. Nikasimama. Nikasema, "Mzee Wafula alikuwa jirani yangu. Kilichobaki hapo, mimi nakimaliza kesho asubuhi."

Watu wakapiga makofi mpaka yule mbwa wa ploti akatoroka. Wamama wakapiga vigelegele, mtu akaanza wimbo. Mama Nekesa hakupiga makofi. Alikuwa amekaa mbele, leso mabegani. Akangoja wimbo ukaisha, akaniuliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeniuliza niongezewe maharagwe ama vipi.

"Baba Shiro, hii hema uko na kazi yake lini?"

Ningeweza kusema sina. Watu wote walikuwa upande wangu. Lakini swali limeulizwa, na mimi sijawahi kumdanganya mtu chini ya hema langu mwenyewe.

"Jumamosi, mama."

"Harusi?"

"Harusi. Spring Valley."

Akaitikia kwa kichwa.

"Hizo pesa ni za hema basi," akasema. "Si za Wafula."

"Mama Nekesa, pesa ni pesa," Barasa akasema haraka. "Shemeji, tafadhali. Mwili itoke kwanza, hayo mengine tutaongea."

"Barasa, ndugu yako amefungulia watu mlango miaka yote. Wewe unajua vile alikuwa anasema? Alikuwa anasema mtu akija kwa mlango usimharakishe, hujui ametoka wapi. Sasa mimi nimtoe mochari haraka kama gari imezuia gari ingine?" Akanigeukia. "Sijakasirika, Baba Shiro. Umetukalisha vizuri. Kama unataka hema yako, chukua, ni yako. Sisi tutakaa kwa jua. Lakini bili ya mzee tutalipa na pesa za watu wanaomlilia."

Hapo mimi nilikaa chini. Nimewahi kutukanwa na wateja, nimewahi kurushiwa sahani ya wali na wali ukiwa ndani, lakini sijawahi kukataliwa pesa nilizosimama nikazitoa mbele ya watu. Nikakaa pale mpaka maombi ya mwisho. Wakati wa kutoka nikamwambia, "Mama, hema halitoki. Litasimama mpaka siku mtakayotoka na yeye."

"Na harusi?"

"Harusi ni shida yangu."

Asubuhi Opondo akaniletea suluhisho lake, bila kuombwa. "Bosi, mwambie yule mama imeraruka. Upepo. Kwani atakuja Riruta kuangalia? Tunampelekea zile kijani mbili, tunashona nyeupe-nyeupe kwa ndani, maua kila mahali, nani ataona?"

"Nitaona mimi."

"Wewe utakuwa umebaki kwa lori."

Nilikwenda Spring Valley mwenyewe. Nyinyi vijana mkumbuke jambo hili kuliko vigingi: habari mbaya haipelekwi kwa simu na haitumwi mtu. Unaenda, unasimama mbele ya mwenyewe, ili akitaka kukutemea mate asihangaike. Askari alinifungulia baada ya kupiga simu ndani. Mama Tess, mwenye kumwoza binti, alikuwa kwenye bustani akimwonyesha mtu wa maua mahali pa kupanga meza. Mwanamke mwerevu, mfupi, anayeongea akiwa anatembea.

"Karibu. Umekuja kupima?"

"Nimekuja kukuambia ukweli, mama. Lile hema jeupe liko matangani Riruta na halitatoka kabla ya Jumamosi."

Akaacha kutembea. "Hema yangu iko wapi?"

"Matangani."

"Hema ya Tess. Ile niliishika. Iko kwa maiti?"

"Maiti yuko mochari. Hema liko kwa familia."

"Usinichekeshe, sijafika hapo." Akamwambia yule wa maua aende aangalie upande ule mwingine. "Unajua mimi nina watu mia tatu? Sasa hata ukiitoa leo, ukaiosha, ukaipiga pasi, mimi nitamweka mtoto wangu chini ya hema imetoka kuliliwa? Mama yangu mzazi atakuja. Akisikia, atarudi kwa gari."

Na hapo ndipo nilipoona kitu cha ajabu. Kama Mama Nekesa angekubali zile pesa jana yake, mimi ningeshusha lile hema Alhamisi, nilisimamishe hapa Ijumaa, na nisiseme neno. Mahema yote huzunguka, leo kilio, kesho kicheko. Hakuna mteja aliyewahi kuniuliza limetoka wapi. Lakini huyu sasa alikuwa anajua, na hakutaka lililotoka kuliliwa.

"Pesa yako nakurudishia leo," nikasema.

"Pesa nitaiweka kichwani wageni wakinyeshewa?" Akaninyooshea kidole, si kwa matusi, kwa mipango tu. "Nitafutie nyeupe kama hiyo, haijawahi kuenda matanga. Wewe umeniambia ukweli, nimeshukuru. Sasa endelea kuniambia ukweli."

Mtu aliyekuwa na nyeupe ya ukubwa ule alikuwa Njogu wa Westlands. Njogu na mimi tumeshindana kwa miaka mingi na hatujawahi kunywa chai meza moja. Nilimkuta amekaa juu ya rundo la viti anakula mahindi ya kuchoma.

"Eh, Baba Shiro. Leo umepotea ama umekuja kununua kampuni?"

"Nataka kukodi nyeupe yako Jumamosi. Bei sema wewe."

"Iko." Akatafuna. "Bei nitasema polepole, niifurahie."

"Lakini nakuuliza kitu kimoja. Imewahi kwenda matanga?"

Akaacha mahindi. Akanitazama kuona kama nina wazimu ama nina mtego. Halafu akacheka mpaka akashika mbavu.

"Nani Nairobi hii ako na hema haijaenda matanga? Watu wanaoa mara ngapi kwa wiki? Mara moja. Wanakufa kila siku. Hiyo hema ilitoka msiba juzi, bado iko na karatasi ya wimbo kwa mfuko." Akapangusa macho. "Mteja ndiye anauliza?"

"Ndiyo."

"Si umwambie haijaenda. Hema inaongea?"

Nikampigia simu mwenye mahema mwingine na mwingine, yeye Njogu mwenyewe akanipigia wawili, kwa sababu jambo lilikuwa limeanza kumfurahisha. Wote jibu moja. Nyeupe ipo, imezika watu. Njogu akanisindikiza mpaka kwenye gari. "Sasa utafanya nini?"

Hema pekee ambalo ningeweza kusema halijawahi kwenda matanga ni hema ambalo bado halijashonwa.

Nikashuka mjini, Kirinyaga Road, nikanunua kitambaa cha turubai jeupe, kile kizito, jora kwa jora. Mwenye duka alidhani naanzisha dini. Nikakipeleka Riruta kwa mafundi watatu wenye mashine za kushonea mahema, nikawaambia waache kila kitu. Alhamisi na Ijumaa walishona, mimi na Opondo tukikata na kuweka macho, yale matundu ya kupitishia kamba. Ile mikono ambayo Mzee Ndung'u aliikataa iliishika sindano ile iliyopinda, na mshono wa pembe ya kushoto ni wangu, nendeni mkautazame kama kuna uzi umeachia. Kutoka pale tulipokuwa tunashona tulikuwa tunasikia nyimbo za ploti ya Mzee Wafula kila jioni. Opondo alikuwa anaimba nao huku anakata.

Ijumaa mchana nikampigia Mama Tess. "Kitambaa ni kipya kabisa. Lakini vyuma vya kusimamishia ni vya zamani. Hivyo vimeenda matanga."

Halafu nikamsikia akipumua.

"Wewe mzee utaniua. Vyuma sikuuliza. Leta hema."

Tulisimamisha Jumamosi alfajiri, kila kigingi kimelala. Mama Tess akaja na viatu vya nyumbani, akashika kitambaa, akakinusa. Kilikuwa kinanuka duka. Hakusema asante. Aliwaambia watu wa meza waingie. Mvua kidogo ilipita wakati wa viapo na hakuna mgeni aliyesogeza kiti. Mimi nilisimama nyuma karibu na jenereta nikiwa nimevaa lile koti langu, na sitaki kusema uongo, nilijiona mkubwa kuliko baba wa bibi harusi.

Jumapili baada ya kanisa nikarudi kwa Mama Nekesa. Safari hii sikusimama kuhutubia. Bakuli lilikuwa juu ya kiti cha mbele, nikaweka changu nikaanza kwenda kukaa nyuma.

"Baba Shiro," akaniita. "Hema uko na kazi yake lini tena?"

"Sina, mama. Nimeshona ingine."

Akaangalia bakuli, akaangalia mimi. Halafu akamwambia binti yake, "Nekesa, mpe Baba Shiro kiti cha mbele. Amekuja kumlilia baba yako." Nikakaa mbele. Barasa alikuwa anataka kucheka na hali haikumruhusu.

Wiki hiyo wakamalizia bili, watu wa jengo lile la Upper Hill wakiwa wamechanga pia, tena wengine ni wakubwa ambao Mzee Wafula alikuwa anawafungulia mlango na hawakuwahi kumuuliza jina. Basi la kwenda Bungoma liliondoka asubuhi na jeneza juu yake. Lilipopotea kwenye kona, ndipo nikamwambia Opondo alegeze kamba ya kwanza. Tulilishusha lile jeupe polepole, mbele ya ploti nzima, na hakuna aliyesema mwenye hema hakulipwa.

Lile jipya, baada ya kwenda kwa Mama Tess, kazi iliyofuata ilikuwa matanga Kawangware. Sheria ni sheria, lilikuwa halina kiraka. Mama Tess hakunipigia tena. Binti yake wa pili alimwoza chini ya hema la Njogu, na mimi nilipita pale na gari, nikalitambua, nikaendelea na safari yangu, maana hakuniuliza na hema halikuwa langu. Njogu tulianza kunywa chai pamoja. Huwa ananiambia ile Jumamosi ndiyo biashara mbaya kuliko zote zilizowahi kufanywa Nairobi magharibi, na mimi humwambia aiweke kwenye ubao nje ya stoo yangu, na jina langu juu yake kwa herufi kubwa, ili mteja akija ajue amefika kwa nani.

Wanjiru anataka niandike ile Jumamosi ilinigharimu kiasi gani, kwa sababu vijana mtadhani mzee anasimulia hadithi. Jumlisha kitambaa, uzi, mafundi watatu, chakula chao, mafuta ya lori na nilichoweka bakulini siku ile ya Jumapili, halafu utoe alichonilipa Mama Tess chote. Ilinigharimu shilingi laki moja, sabini na sita elfu, mia tatu na arobaini.